Walt Kelly: Mchoraji Aliyewapa Wanyama Ulimi

 

Sisi tumelelewa na wanyama wanaosema. Kabla mtoto hajajua kuliandika jina lake, amekwisha kujua kwamba sungura ni mjanja, fisi ni mlafi na kobe huenda polepole lakini hufika. Hakuna aliyewahi kumwuliza bibi yake sungura alijifunzia wapi kusema. Tunajua tu kwamba jambo ambalo mtu anaogopa kulisema, mnyama hupewa alisemee. Hata Shamba la Wanyama, kile kitabu cha George Orwell ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili mwaka wa 1967, kinafuata njia iyo hiyo. Ukimcheka nguruwe umemcheka mkubwa fulani, na mkubwa mwenyewe hawezi kulalamika bila kukiri kwamba nguruwe yule ni yeye.

Basi tulipoambiwa kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia wafalme, marais na wanasoka. Mimi nimemchagua mchoraji wa katuni. Kuna waliocheka, eti katuni ni mambo ya watoto wa darasa la tatu. Nawaomba wanaocheka wasubiri kidogo mpaka wafike kwenye kisa cha seneta na mfuko.

Jina lake kamili lilikuwa Walter Crawford Kelly, ingawa dunia ilimjua kama Walt Kelly. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1913 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Akiwa bado mtoto wa miaka miwili hivi, wazazi wake walihamia Bridgeport, mji wa viwanda katika jimbo la Connecticut. Baba yake alijua kuchora mapazia ya jukwaa la michezo ya kuigiza, lakini sanaa haikujaza sufuria, kwa hivyo huko Bridgeport akafanya kazi katika kiwanda cha silaha. Jioni alimfundisha mwanawe kushika kalamu na brashi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wahenga walisema, na huyu alikuwa nyoka wa wino.

Walt alipomaliza shule ya sekondari mwaka wa 1930, Marekani ilikuwa imekumbwa na ule mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kijana huyu mwenye kipawa aliajiriwa katika kiwanda cha nguo za ndani za kina mama, na kazi mojawapo ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa sakafuni. Hebu fikiria! Lakini hakufa moyo. Alipata nafasi katika gazeti la mji wao, Bridgeport Post, akawa mwandishi wa habari na mchoraji. Humo alichora kwa katuni maisha ya P. T. Barnum, yule mwenye sarakasi maarufu aliyewahi kuwa mkazi wa mji huo. Mkumbuke huyo Barnum, maana atarudi baadaye akiwa na manyoya.

Kisha mapenzi yakamvuta. Kipenzi chake, Helen DeLacy, alikuwa amehamia California, upande wa pili kabisa wa nchi. Walt akamfuata, na baadaye wakaoana. Huko ndiko alikopata kazi katika studio ya Walt Disney mnamo Januari 1936. Alianza katika idara ya hadithi, halafu akawa mmoja wa wale wanaochora picha nyingi nyingi ambazo zikipitishwa haraka huonekana kama zinatembea. Mkono wake umo katika filamu za Pinocchio, Fantasia na Dumbo. Mwaka wa 1941 wachoraji wa Disney waligoma. Kelly alikuwa na marafiki waliogoma na marafiki waliobaki kazini. Alijikuta kati ya mafahali wawili, akafunga virago na kurudi Mashariki.

Hapa sasa ndipo anapoingia shujaa wetu wa pili. Mwaka wa 1942 kampuni ya Dell ilianzisha kitabu cha katuni kilichoitwa Animal Comics. Katika toleo la kwanza kabisa, Kelly alichora hadithi ya mamba mlafi aitwaye Albert na keki. Humo alikuwamo pia mnyama mdogo aitwaye Pogo. Pogo ni oposamu. Wengi wetu hatumjui mnyama huyo kwa sababu yuko Amerika tu. Ana ukubwa wa paka, mkia kama wa panya, na jike hubeba watoto katika mfuko wa tumboni kama kangaruu. Akitishwa sana huanguka na kujifanya mfu, adui akaondoka zake. Kwa kweli ni mnyama aliyefaa hadithi tangu alipoumbwa!

Lakini mwanzoni Pogo hakuwa shujaa wa mtu yeyote. Alikuwa mpita njia tu, mwenye pua ndefu na sura ya oposamu halisi wa porini. Mkubwa wa hadithi alikuwa mtoto mweusi aliyeitwa Bumbazine, aliyeishi na kuzungumza na wanyama katika kinamasi. Baada ya muda Kelly alimwondoa mtoto huyo, kwa maoni kwamba wanyama walifaa zaidi kuonyesha tabia za wanadamu kuliko mwanadamu mwenyewe. Ninaelewa sababu yake, lakini mimi bado nasikitika kidogo. Siku zile katuni nyingi za Marekani ziliwachora watu weusi kwa dharau, midomo mikubwa na macho ya woga, na Bumbazine alikuwa mtoto wa kawaida mwenye akili zake. Alipoondoka, nafasi yake ya mwenye busara ilikaliwa na Pogo. Pua ikafupishwa, uso ukaviringwa, macho yakapanuka, na yule mpita njia akawa mwenye nyumba.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Kelly hakuwa vitani. Alichora picha za vitabu vya kuwafundishia askari lugha za kigeni. Jambo hili lilinifurahisha sana mimi mwanachama wa chama cha lugha, kwa sababu lugha ndiyo baadaye ilimtofautisha na wachoraji wengine.

Mwaka wa 1948 Kelly aliajiriwa na gazeti la New York Star kama mkuu wa wachoraji. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo Pogo alianza kutokea humo kila siku. Gazeti lenyewe halikukaa. Mnamo Januari 1949 lilifungwa, na Pogo akabaki bila makao kama mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya karo. Kwa bahati nzuri, Mei 1949 katuni hiyo ilianza kusambazwa kwa magazeti mengine, na polepole ikaenea kwa mamia ya magazeti. Vitabu vya katuni vya Pogo pekee vikafuata, na mwaka wa 1951 kikatoka kitabu cha kwanza cha mkusanyiko. Kwa kazi yake ya mwaka huo, chama cha wachoraji katuni wa Marekani kilimpa tuzo yake kubwa kabisa, na baadaye kikamchagua kuwa mwenyekiti wake.

Sasa niwatembeze kidogo kinamasini. Kinamasi hicho si cha kubuni. Kinaitwa Okefenokee na kiko katika jimbo la Georgia, huku kikigusa Florida. Ndani yake, kwenye katuni, Pogo ni mpole, hapendi makuu, hupenda kuvua samaki kwa mashua yake ya chini bapa. Kelly alikuwa na mchezo wa kuandika majina ya marafiki zake ubavuni mwa mashua hiyo, na leo lilikuwa hili, kesho lile. Albert mamba huvuta biri kubwa na mara kwa mara humeza marafiki zake kwa bahati mbaya. Bundi hujiona msomi wa kila elimu. Kobe ni mwoga wa mikosi, na siku inayomtia hofu kuliko zote ni Ijumaa ya tarehe 13. Nungunungu ana uso wa huzuni lakini roho safi. Kicheche ni bibie mrembo kutoka Ufaransa, na hakuna anayetaja harufu. Yumo pia dubu mwenye sarakasi aitwaye P. T. Bridgeport. Si niliwaambia Barnum atarudi na manyoya?

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi wanavyosema. Kelly aliwatungia lahaja yao, Kiingereza cha watu wa Kusini kilichovunjwa, kikasokotwa na kutiwa chumvi. Kisha hata herufi zilisema. Dubu wa sarakasi maneno yake yameandikwa kwa herufi za mabango ya sarakasi, zenye madoido tele. Yuko mwingine, shemasi mnafiki, ambaye maneno yake yameandikwa kwa herufi nzito za kale kama za Biblia za zamani, hivi kwamba ukiziona tu unamsikia akikohoa kwa majivuno. Kuna wakati bundi alitaka kutengeneza nguvu za atomiki kwa kupandisha mimea miwili, kwa sababu majina yao ya Kiingereza ukiyaunganisha yanatoa sauti kama ya urani! Huo ni mchezo wa maneno kama ule tunaoucheza sisi na vitendawili, methali na hata Sheng yetu ya stejini. Walimu wetu husema Sheng inaharibu lugha. Sibishani nao hapa, nisije nikanyimwa alama. Nasema tu kwamba Kelly aliivunja lugha yake kwa sababu aliijua vizuri kabla ya kuivunja.

Kufikia mwaka wa 1952 Pogo alikuwa amependwa hata katika vyuo vikuu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na vijana walivaa beji za kumpigia Pogo kampeni ya urais. Kule Harvard umati wa wanafunzi uliokuwa ukimngoja Kelly ulifarakana na polisi, wengine wakakamatwa. Oposamu wa karatasi anasababisha vurugu!

Haya, sasa kisa nilichowaahidi. Tangu mwaka wa 1950 alikuwako seneta mmoja aitwaye Joseph McCarthy wa jimbo la Wisconsin. Alidai kwamba serikali ya Marekani imejaa wakomunisti waliojificha. Alitaja watu, alihoji watu, alitisha watu. Siku hizo za woga wa ukomunisti, walimu, wasanii na wafanyakazi wa serikali walipoteza kazi kwa kushukiwa tu. Kunyoshewa kidole kulitosha. Wengi wenye sauti kubwa walinyamaza, maana mwenye kumtetea mshukiwa naye alishukiwa.

Mwaka wa 1953, kinamasini kwa Pogo akafika paka-mwitu mwenye bunduki, jina lake Simple J. Malarkey. Uso wake, nyusi zake, ndevu zake zilizochipua kidevuni, vyote vilikuwa vya McCarthy mtupu. Hakuna msomaji aliyehitaji kuambiwa. Paka-mwitu huyo aliingia katika chama cha kutazama ndege, akageuza kutazama kuwa kupeleleza, na wakazi wa kinamasi wakaanza kuogopana wao kwa wao.

Wahariri wengine waliingiwa na baridi. Mwaka wa 1954 gazeti moja la mji wa Providence, katika jimbo la Rhode Island, lilitoa onyo kwamba uso wa seneta ukionekana tena, katuni itaondolewa. Je, Kelly alifanya nini? Alitii! Katika hadithi, Malarkey akapata habari kwamba kuku fulani mgeni ametoka Providence. Mara hiyo akajivika mfuko kichwani, eti hataki mtu yeyote wa Providence auone uso wake. Uso haukuonekana tena, kama gazeti lilivyotaka. Lakini paka-mwitu mwenye mfuko kichwani, akipapasa huku na huku, alichekesha mara mbili ya yule wa kwanza, na sasa mhariri pia alikuwa ameingizwa ndani ya mfuko. Huo ndio ujanja wa sungura hasa.

Sitaki kutia chumvi. Si katuni iliyomwangusha McCarthy. Mnamo Desemba 1954 Baraza la Seneti lilipiga kura ya kumkemea, na zilikuwapo sababu nyingi na watu wengi mashujaa nyuma ya kura hiyo. Ila Kelly alikuwa miongoni mwa waliosema mapema, wakati kusema kulikuwa na bei.

Aliendelea hivyo hivyo. Mwaka wa 1962 Nikita Khrushchev wa Urusi aliingia kinamasini akiwa nguruwe, na Fidel Castro wa Kuba akiwa mbuzi. Baadaye Spiro Agnew, makamu wa rais wa Marekani, alionekana akiwa fisi aliyevaa sare za madoido, na J. Edgar Hoover, mkuu wa wapelelezi, akiwa mbwa mwenye uso wa makunyanzi. Kwa hivyo hakuna upande uliosema kwamba umeonewa peke yake.

Katika miaka hiyo ya 1960 Kelly alibuni desturi nyingine ambayo ilileta mabishano makali katika kikao chetu cha chama. Alipochora jambo la siasa ambalo aliona litawatia wahariri hofu, alichora pia katuni ya pili ya siku ile ile, ya visungura vizuri vinavyofanya mizaha isiyomwudhi mtu. Mhariri mwoga angeweza kuchapisha visungura badala ya siasa. Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba huo ulikuwa woga, kwamba mtu wa kweli husema neno moja na kusimama nalo. Nilimsikiliza, lakini mimi naona vingine. Gazeti lingeitupa katuni nzima, msomaji asingejua kitu. Kwa visungura, msomaji aliyezoea Pogo alijua papo hapo kwamba leo kuna kitu amefichwa, na angeweza kukitafuta katika gazeti la mji jirani. Visungura vilikuwa kama kiti kitupu kwenye mkutano. Kila mtu huuliza aliyepaswa kukikalia yuko wapi. Tena mchoraji aliye gizani hamsaidii mtu. Anayebaki ukurasani leo ataweza kusema tena kesho. Mabishano hayo hayajaisha, na mwenye hoja bora aje nayo Alhamisi.

Jambo la mwisho kubwa linahusu mazingira. Tarehe 22 Aprili 1970 Marekani iliadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza. Kelly alichora bango la Pogo akitazama msitu uliojaa takataka, na mwaka wa 1971 akairudia hoja hiyo katika katuni. Pogo na nungunungu wanatembea katika kinamasi chao kipenzi, na miguu yao haipati pa kukanyaga kwa mikebe, chupa na vyuma vikuukuu. Maana yake ilikuwa kwamba adui aliyeleta uchafu huo hakutoka mbali. Ni wao, ni sisi, ni kila mwenye mkono wa kutupa. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila asubuhi navuka mtaro uliozibwa na chupa za plastiki. Huwa tunailaumu kaunti, na pengine ina lawama yake. Lakini chupa zile hazikushuka na mvua.

Afya ya Kelly ilikuwa imezorota. Kisukari kilimsumbua hata akakatwa mguu. Aliaga dunia tarehe 18 Oktoba 1973 huko Woodland Hills, California, akiwa na umri wa miaka 60. Mkewe wa mwisho, Selby, na mwanawe Stephen waliiendeleza katuni hadi Julai 1975. Ilifufuliwa tena mwaka wa 1989 na kuisha mwaka wa 1993. Mwaka wa 1992 jimbo la Georgia lilimtangaza Pogo kuwa oposamu rasmi wa jimbo. Na tangu mwaka wa 2011 katuni zake za magazetini zimekuwa zikichapishwa upya katika vitabu vikubwa, kwa mpangilio wa siku kwa siku.

Ndugu msomaji, nimejifunza mambo mawili kwa mtu huyu. Kwanza, kumcheka mnyonge ni kazi rahisi ambayo kila darasa lina bingwa wake. Kumcheka mwenye nguvu, bila matusi, hadi hata waoga wacheke, hiyo ndiyo sanaa. Pili, mchoraji huyo hakuanza na mnyama mashuhuri. Alianza na mpita njia mwenye pua ndefu, akamchora tena na tena kwa miaka mingi mpaka akampata.

Kwa hivyo nyinyi mnaochora pembeni mwa madaftari yenu ya hesabu, msiache. Jarida hili lina kurasa za katuni ambazo kila mwaka tunahangaika kuzijaza. Leteni fisi wenu, kobe wenu na mamba wenu. Ila mjifunze kwanza tahajia, kwa maana mnyama anayesema Kiswahili kibovu bila sababu atakatwa alama kama sisi.

Kwaherini.